Kuchagua lenzi ya milimita 50 ya tundu kubwa kwa kamera ya rengifainda

Maswali ni yale yale. "Kaka, nimerithi Leica ya babu, ninunue f/1.4 au f/1.1?" "Shikamoo mjomba, hii Jupiter ya bei poa itaingia kwenye Bessa?" Na lile linalonijia kila baada ya msimu wa harusi: "Mbona picha zangu za usiku masikio yanaonekana vizuri, macho hayaonekani?" Nimechoka kumjibu kila mtu peke yake, kwa hiyo majibu yote nayaweka hapa, kwa mpangilio ambao mimi mwenyewe ningeufuata kama ningeanza leo.

Nadharia utakayoihitaji ni hii tu. Kwenye rengifainda jicho lako halipiti ndani ya lenzi. Unachungulia kwenye dirisha la pembeni, na katikati ya dirisha kuna doa lenye picha mbili. Ukizungusha lenzi, kijimkono kilicho ndani ya kamera husukumwa na kitako cha lenzi, na zile picha mbili husogeleana hadi zikalaliana. Kwa hiyo dirisha, kijimkono na lenzi lazima viseme kitu kimoja. Namba ya f ndiyo namba ya tundu: ikiwa ndogo, tundu ni kubwa na eneo lililo kali ni jembamba. Kwenye f/8 vikitofautiana kidogo hutajua. Kwenye f/1.4 utajua siku ya kusafisha mkanda.

Andaa hivi kabla ya kuanza

- Kamera yako, na jina lake kamili. "Leica ya zamani" si jina.
- Rula ya sentimita 30 na futi ya fundi cherehani.
- Tochi ndogo yenye mwanga mkali.
- Stendi ya miguu mitatu, au meza isiyotikisika.
- Mkanda mmoja wa kuchezea, ambao huna huruma nao. Mwenye kamera ya dijitali yuko salama hapa.
- Daftari na kalamu.
- Pesa za mafungu mawili: za lenzi, na za fundi. Lenzi ya zamani isiyohitaji fundi ipo, lakini usipange bajeti yako ukiitegemea hiyo.

Hatua ya 1: Jua mdomo wa kamera yako

Kamera nyingi utakazokutana nazo zina mdomo wa aina mbili. Kuna wa nyuzi, wenye kipenyo cha milimita 39, ambao lenzi husokotwa kama kifuniko cha chupa: Leica za kabla ya 1954, Canon 7, FED, Zorki na Bessa R. Na kuna bayoneti ya Leica M, iliyoanza na M3 mwaka 1954, ambayo lenzi huingizwa na kuzungushwa kidogo hadi ilie "tak".

Lenzi ya nyuzi huingia kwenye kamera ya M kwa adapta nyembamba ya milimita moja. Kinyume chake hakiwezekani. Adapta nazo si moja: zipo za 28 na 90, za 35 na 135, na za 50 na 75. Ya mwisho ndiyo yako, kwani ndiyo inayoita dirishani fremu ya 50, ile mistari inayoonyesha kingo za picha.

Onyo. Si kila chenye nyuzi za 39 ni cha rengifainda. Lenzi za Zenit za mwanzo zina nyuzi hizo hizo, na hata lenzi nyingi za mashine za kukuzia picha chumba cha giza zinazo. Zitasokoteka vizuri kabisa, utafurahi, kisha hutapata hata picha moja kali, kwa sababu hazigusi kijimkono, na ya Zenit imetengenezwa ikae mbali zaidi na mkanda. Vilevile Jupiter-3, lenzi za Kirusi, zimetengenezwa za aina mbili: ya nyuzi, na ya kamera za Kiev. Ya Kiev haisokoteki popote. Mwombe muuzaji picha ya kitako cha lenzi kabla hujatuma senti.

Hatua ya 2: Pima kamera inaona umbali kwa uhodari gani

Hapa ndipo wengi wanaporuka, na ndipo pesa zinapopotelea.

Weka rula mbele ya kamera. Pima kutoka katikati ya dirisha la kuchungulia hadi katikati ya kijidirisha kidogo cha pili. Andika milimita. Sasa fungua macho yote mawili, moja likichungulia kwenye kamera na jingine likitazama nje, na uangalie nguzo ya umeme. Nguzo mbili zikilingana kimo, ukuzaji ni 1. Ya ndani ikiwa robo tatu ya ile ya nje, ukuzaji ni 0.75. Zidisha namba hizo mbili. Jibu ndiyo nguvu halisi ya kamera yako.

Mifano, kwa kukadiria: Leica M3 hufika 62. M6 ya dirisha la 0.72 hufika 50, na FED-2 haiko mbali na hapo. Canon 7 ni 47. Bessa R3A ni 37. Bessa R ni 25 tu, na Leica CL ile ndogo ya 1973 ni 19.

Sasa lenzi inahitaji ngapi? Zidisha urefu wa lenzi (ile 50 iliyoandikwa juu yake) kwa wenyewe, gawanya kwa namba ya tundu, gawanya tena kwa 100. Lenzi ya 50 f/1.4: 50 mara 50 ni 2500, kwa 1.4 ni kama 1786, kwa 100 unapata 18. Hicho ni kiwango cha chini, kwa kamera mpya, jicho zima na mtu aliyetulia. Mimi huzidisha mara mbili. Kamera imezeeka, usiku jicho linachoka, na sensa ya dijitali haisamehi kama mkanda. Kwa hiyo f/1.4 nataka 36, na f/1 nataka 50.

Tazama hesabu hiyo inakuambia nini. Bessa R na f/1.1 ni ndoa ya mashaka. Bessa R na f/2 ni watu wa kufaana. CL iliuzwa na lenzi ya 40 f/2, na ukipiga hesabu utaona waliojenga kamera ile hawakubahatisha.

Hatua ya 3: Hakikisha kamera ni nzima kabla ya kuilaumu lenzi ambayo hujainunua

Weka lenzi yoyote uliyonayo, hata ya f/3.5, na uizungushe hadi mwisho wa umbali. Elekeza kwenye mnara wa simu au minara ya msikiti iliyo kilomita moja au zaidi. Picha mbili za dirishani lazima zilaliane sawasawa. Usiku tumia mwezi. Zikipishana kushoto na kulia, kamera inasoma umbali vibaya. Zikipishana juu na chini, umbali unaweza kuwa sahihi lakini jicho litateseka bure.

Halafu rudi karibu. Pima mita moja kwa futi, kuanzia alama ya mduara uliokatwa na mstari juu ya kamera, na kama haipo anzia mgongoni mwa kamera. Lenga hapo. Pete ya lenzi isome mita moja. Ikisoma vingine, peleka kwa fundi kwanza. Najua inauma kulipia kitu kisichoonekana pichani, lakini fundi huyo atakuokoa usinunue lenzi tatu ukidhani zote ni mbovu.

Hatua ya 4: Pima giza lako

Watu hununua f/1.1 kwa ajili ya giza ambalo hawajawahi kulipima. Sebule yenye taa moja usiku, kwa mkanda wa ASA 400 (ASA ni wepesi wa filamu kushika mwanga), mara nyingi hukupa f/2 kwa sekunde 1/30. Kwa f/1.4 unapata 1/60. Kwa f/1 unapata 1/125. Rengifainda haina kioo kinachorukaruka ndani, kwa hiyo mkono uliotulia unashika 1/30 bila shida. Tatizo linabaki kwa bibi harusi anayecheza.

Toka f/2 hadi f/1.4 ni stopu moja, yaani mwanga mara mbili. Stopu hiyo hiyo unaipata kwa kupiga filamu ya ASA 400, HP5 au Tri-X, kana kwamba ni ASA 800 na kuongeza muda wa kusafisha. Filamu zote mbili hufika 1600 na bado zikakupa picha ya kutundika ukutani. Piga hesabu ya gharama mwenyewe.

Wengine hawatafuti mwanga, wanataka mandhari ya nyuma iyeyuke. Sawa, lakini jua letu la saa sita mchana? Kwa ASA 100 na shata ya 1/1000 kipimo ni f/5.6. Ukifungua hadi f/1.4 umezidisha stopu nne nzima. Bila filta ya kupunguza mwanga mara 16, lenzi yako ya f/1.4 mchana ni lenzi ya f/5.6 nzito.

Hatua ya 5: Chagua kundi, kisha lenzi

Kundi la f/2. Summicron ya Leica, Planar ya Zeiss, Jupiter-8 kwa mwenye FED. Ndogo, nyepesi, kali. Kama hatua ya 2 ilikupa chini ya 30, simama hapa wala usione haya.

Kundi la f/1.4 na f/1.5. Hapa ndipo ninapowapeleka wengi. Tofauti ya mwanga kati ya 1.4 na 1.5 ni kama sehemu moja ya tano ya stopu, usilipie hiyo. Mwenye M na bajeti ya kati achukue Nokton 50 f/1.5 ya Voigtländer, hasa toleo la bayoneti linalolenga hadi sentimita 70. Mwenye kamera ya nyuzi atafute Canon 50 f/1.4, lenzi isiyo na makeke na inayofanya kazi yake. Summilux ya 50 ni bora, sikatai, na bei yake inalijua hilo.

C-Sonnar f/1.5 ya Zeiss nitaizungumzia kidogo, maana wanaoipenda wanaipenda mno na wanaoichukia hawakuambiwa. Imefuata muundo wa Sonnar alioubuni Ludwig Bertele mwanzoni mwa miaka ya 1930. Ngozi ya mtu inatoka laini, na nyuma kunatulia vizuri. Lakini ukibana tundu, mahali palipo pakali husogea nyuma. Nyingi za mwanzo zilipangwa ziwe sahihi kwenye f/2.8, hivyo zikifunguliwa zote hulenga mbele ya unapotaka. Anayeijua tabia hiyo huegemea kidogo na kupiga. Anayeanza huirudisha dukani.

Jupiter-3 ni ya ukoo huo huo, na mimi ilinitia adabu. Niliifunga kwenye Leica usiku wa hina wa binamu yangu kule Tanga, f/1.5 wazi, mita moja. Mkanda uliposafishwa, herini ya bibi harusi ungeweza kuhesabu kila punje. Macho yake yalikuwa kama yanatazama kupitia mvuke wa chungu. Fremu 36, na macho niliyoyapata ni ya mtoto mmoja tu, naye alikuwa amegeuza kichwa upande. Lenzi ilikuwa nzima. Za Kirusi zilipimwa kwa kipimo cha Contax, kamera za Zeiss, ambacho urefu halisi wa lenzi ya 50 ni milimita 52.4, ilhali Leica hutumia 51.6. Kwa mita moja tofauti hiyo hukutupa nyuma kama sentimita tatu, umbali wa kutosha kulikosa jicho. Kwenye FED na Zorki nunua bila hofu. Kwenye Leica, Canon au Bessa, nunua ukiwa na fundi anayejua kuongeza au kupunguza pete za ndani.

Kundi la f/1.2 kwenda juu. Nokton 1.2, Nokton 1.1, Canon 1.2, 7Artisans 1.1, na Noctilux ya Leica, ambayo toleo la f/0.95 lina uzito wa gramu 700 wakati Summicron haizidi sana 240. Kwa f/1.1 ukiwa mita moja, eneo lililo kali halifiki sentimita tatu. Mtu akivuta pumzi ametoka. Nazionea fahari mikononi mwa wengine. Kama ni lenzi yako ya kwanza, pita. Ila 7Artisans ina sifa moja njema: kitako chake unaweza kukirekebisha mwenyewe kwa bisibisi ndogo, na huja na karatasi ya kupimia.

Kama 50 inakubana ndani ya nyumba, fikiria Nokton 40 f/1.4. Sharti kamera iwe na fremu ya 40, kama Bessa R3A au Minolta CLE. Kwenye Leica M itaita fremu ya 50, nawe utakuwa unakisia kingo za picha.

Hatua ya 6: Chungulia na lenzi ikiwa mahali pake

Ukiweza kuishika kabla ya kununua, ifunge na uchungulie. Lenzi kubwa huziba pembe ya chini kulia ya dirisha. Kiasi gani unavumilia ni juu yako. Angalia pia umbali wa karibu: lenzi nyingi za nyuzi huishia mita moja, na Nokton 1.1 nayo vilevile. Anayepiga nyuso za watoto atalalamika.

Hatua ya 7: Kagua kioo kwa tochi

Fungua tundu lote. Washa tochi upande mmoja, tazama upande wa pili kwa mshazari, kisha geuza.

Vumbi kidogo si kitu. Mikwaruzo myembamba mbele huvumilika, ingawa Summarit f/1.5 ya Leica ina kioo laini, na nyingi zimefutwa kwa ncha ya shati hadi zimekuwa kama sufuria iliyosuguliwa na mchanga. Utando wa kijivu nyuma ya mapanga ya tundu ni ugonjwa wa Canon 1.2 na baadhi ya 1.8. Wakati mwingine unafutika, wakati mwingine umeshakula kioo. Nyuzinyuzi kama mizizi ya nyasi au utando wa buibui ni ukungu. Sisi wa pwani tunaujua. Lenzi yenye ukungu usiiweke kabati moja na nzima.

Zungusha pete ya kulenga mwanzo hadi mwisho. Iende kwa uzito mmoja, bila kukwama wala kulegea. Tingisha lenzi karibu na sikio. Ukisikia kitu, irudishe.

Tahadhari ya majina: FED na Zorki nyingi zimechongwa upya maandishi ya Leica, na Jupiter zikavishwa jina la Zeiss Sonnar. Maandishi yenye dhahabu nyingi na hadithi ya vita ni dalili mbaya.

Hatua ya 8: Jaribio la rula

Laza rula mezani kwa mshazari, ikikimbia kutoka kwako. Simamisha kiberiti pembeni mwa alama ya 15, uso wake ukikutazama. Kamera iwe kwenye stendi, mita moja. Lenga ukingo wa kiberiti. Piga f/1.4, kisha f/2, f/2.8 na f/4, na uandike kila fremu daftarini. Usiguse pete ya kulenga katikati ya jaribio. Rudia yote mara tatu, ukilenga upya kila mara, ili ujue kosa ni la lenzi au la jicho lako.

Huna hamu ya kuunguza mkanda? Kamera ambazo mgongo wake hufunguka wote, kama Canon 7, Bessa, FED-2 na Zorki-4, zina njia ya mkato. Nyosha selotepu isiyong'aa juu ya reli za ndani, pale filamu inapolala, weka shata kwenye B, bonyeza na ushikilie. Picha itaonekana kwenye selotepu. Itazame kwa kioo cha kukuzia.

Picha zikikataa

*Kali iko nyuma siku zote, kwa kila lenzi.* Ni kamera. Rudi hatua ya 3.

*Kali iko nyuma kwa lenzi moja tu.* Ni lenzi. Kama ni ya Kirusi kwenye mwili usio wa Kirusi, sababu umeshaisoma.

*Kwenye f/1.5 ni sawa, kwenye f/2.8 imerudi nyuma, kwenye f/8 kosa halionekani.* Ni tabia ya muundo, haitengenezeki. Chagua tundu moja unalolitumia sana, fundi aipange kwa hilo.

*Mara mbele, mara nyuma, haina mpango.* Mara nyingi ni wewe. Watu hulenga, kisha huhamisha kamera kupanga picha, na mwili wao unayumba sentimita mbili. Kwa f/1.4 kwenye sentimita 70, eneo kali lote ni kama sentimita moja na nusu. Simama imara, lenga, piga katika pumzi ile ile. Kama unavaa miwani, jaribu ukiwa nayo na bila.

*Karibu ni pazuri, mbali pamekosea.* Angalia kwanza adapta: ikiwa nene kidogo tu inatosha. Adapta za bei ya chini sana ndizo washukiwa.

*Picha yote imepauka kama ina moshi.* Utando wa hatua ya 7, au taa iko mbele yako na huna kofia ya lenzi.

*Vidoa vyeupe vya duara, mahali pale pale kila fremu.* Hili ni letu watu wa ikweta. Lenzi ikiachwa wazi na kuelekea jua, hufanya kazi ya kioo cha kuwashia moto, na shata za kitambaa za Leica, FED na Zorki hutoboka, jambo ambalo kamera za kioo cha ndani hukingwa nalo na kile kioo. Ukitembea mchana weka kifuniko, au bana hadi f/16 na uitoe pete kwenye mwisho wa umbali. Kitundu kidogo fundi huziba kwa rangi nyeusi ya mpira. Kikubwa, pazia jipya.

*Ukungu umerudi baada ya kusafishwa.* Umeihifadhi kwenye mkoba wa ngozi, si ndiyo? Ngozi hushika unyevu. Tumia kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana na vifuko vya silika, zile punje za kunyonya unyevu, uvikaushe kila vinapolowa, na uitoe lenzi nje kufanya kazi angalau mara moja kwa wiki.